Mabingwa wa Kung'ang'ania: Rekodi kutoka Utumbo wa Mtoto wa Nguruwe

Nguruwe amezaa usiku. Alfajiri mfugaji anaingia bandani na tochi, anahesabu watoto: kumi na wawili, wote hai, wanagombea chuchu. Anaondoka moyo ukiwa mweupe. Jioni akirudi, anakuta watatu wamejitenga pembeni, wamejikunyata, manyoya yamesimama, matako yamelowa. Sakafuni kuna kinyesi chepesi kama maji, rangi ya maziwa yaliyochujuka. Macho yameingia ndani. Ngozi ya shingo ukiivuta kwa vidole viwili inabaki imesimama, hairudi upesi mahali pake. Kesho yake asubuhi anachimba shimo.

Kwa wafugaji wa Mbozi na Mbinga nchini Tanzania, na kwa wenzao wa Uganda, nchi inayoongoza Afrika Mashariki kwa kula nyama ya nguruwe, msiba huu si mgeni. Kuhara kwa watoto wa nguruwe kuna sababu nyingi, virusi wakiwamo, lakini katika siku za mwanzo za uhai mshukiwa anayetajwa kwanza ni Escherichia coli. Jina hilo linatokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto, aliyemweleza bakteria huyu mwaka 1885 baada ya kumpata katika choo cha watoto wachanga wa binadamu. Jamaa zake walio wengi hukaa tumboni bila kumdhuru mtu. Aliye hatari ana vitu viwili: ana sumu, na anajua kushika. Watu huiogopa sumu. Mimi naona kushika ndiko kukubwa zaidi, kwa kuwa bakteria asiyeshika husukumwa na kutolewa nje pamoja na sumu yake. Ndiyo maana rekodi nilizozikusanya hapa, karibu zote, ni rekodi za mshiko.

Mwenye haraka kuliko wote

Dalili zinaweza kuonekana ndani ya saa mbili au tatu tangu mtoto azaliwe. Hapo hata kitovu hakijakauka. Kiwele kimelala juu ya sakafu chafu, mtoto anatafuta chuchu, na kabla hajapata tone la maziwa amekwisha kulamba kinyesi cha mama yake.

Baada ya hapo ni hesabu. Katika mazingira mazuri kabisa E. coli mmoja hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Ukianza na mmoja saa 12 asubuhi, ifikapo saa 10 jioni wamepita bilioni moja. Ndani ya utumbo kasi haifiki huko, kwa sababu utumbo haukai kimya: unajiminya, unasukuma, unafagia kila kisichoshikilia kitu. Na hapa baridi inaingia kama mshirika wa ugonjwa. Mtoto wa nguruwe aliyezaliwa leo anahitaji joto la nyuzi 34 hivi. Akilala mahali penye chini ya nyuzi 25, utumbo wake hupunguza mwendo wa kusukuma, na bakteria hupata nafasi ya kukaa. Taa ya joto au nyasi kavu za kutosha, kwa hiyo, ni ulinzi wa tumbo pia.

Jina lililokosewa likadumu

Bakteria huyu hushika kwa nyuzi zinazochomoza kwenye mwili wake pande zote. Maarufu kuliko zote huitwa K88, na jina hilo lina hitilafu tangu mwanzo. Mwaka 1961, Frits na Ida Ørskov, mume na mke waliofanya kazi Statens Serum Institut mjini Copenhagen, pamoja na wenzao, walieleza kitu walichokikuta kwenye bakteria kutoka kwa nguruwe wagonjwa. Wakakipa herufi K, yaani Kapsel, neno la Kijerumani la koti la utelezi linalofunika baadhi ya bakteria. Mwaka 1967 hadubini ya elektroni ikaonyesha kuwa hakuna koti. Kulikuwa na nyuzi za protini, nyembamba kupita kiasi: unene wake ni nanometa chache tu, na unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuzizidi zaidi ya mara elfu kumi.

Baadaye wataalamu walisahihisha, wakaziita F4. Mpaka leo madaktari wa mifugo wengi bado husema K88, na karatasi za chanjo huandika yote mawili. Mfugaji akikutana na majina hayo asibabaike, ni kitu kimoja.

Jaribio lililokata mzizi wa fitina

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walikuwa wanajua kwamba bakteria wa nguruwe wagonjwa mara nyingi wana K88. Swali lilikuwa: je, hizo nyuzi ndizo zinazoleta ugonjwa, au zimeandamana nao tu?

Nchini Uingereza, H. Williams Smith na mwenzake Linggood walipata njia ya kulijibu. Maelekezo ya kutengeneza nyuzi hizi hayako kwenye kitabu kikuu cha vinasaba vya bakteria. Yako kwenye plasmidi, kijiduara cha DNA ambacho bakteria anaweza kukipoteza, au kumgawia jirani yake. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1971, walimnyang'anya bakteria mkali plasmidi ya K88. Sumu aliendelea kuwa nayo, lakini makali yakamwisha: alishindwa kuongezeka kwenye utumbo mwembamba. Wakamrudishia plasmidi, na ukali wake ukarudi.

Mwaka uliofuata Jones na Rutter, waliokuwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya wanyama cha Compton, wakaangalia matumbo yenyewe. Bakteria wenye K88 walikutwa wamejipanga juu ya ukuta wa utumbo. Wale waliopoteza K88 walikutwa wanaelea katikati, pamoja na majimaji, kama abiria aliyekosa pa kushika kwenye daladala iliyojaa. Kwangu mimi hili ndilo jaribio bora kuliko yote katika historia ya ugonjwa huu. Lilitupa adui wa kupambana naye: mkono wenyewe unaoshika.

Uzi wenye viganja vingi kuliko wote

Ukichukua nyuzi za F18, aina nyingine inayowasumbua nguruwe, utakuta kiganja kiko mwishoni tu. Protini moja iitwayo FedF imekaa kwenye ncha, na uzi wote uliobaki ni kama fimbo ya kukifikisha mahali. F4 haikuridhika na hilo. Uzi wake umejengwa kwa protini iitwayo FaeG, ikirudiwa tena na tena, na FaeG hiyohiyo ndiyo inayoshika. Uzi mzima, kutoka shina hadi ncha, ni viganja vitupu.

Namna unavyojengwa inastaajabisha pia. Kila kipande hutoka mwilini mwa bakteria kupitia tundu maalumu kikiwa na ufa ubavuni, na kipande kinachofuata huchomeka ulimi wake katika ufa huo. Kinashikamana, kinasukumwa nje, kinakuja kingine. Na bakteria hapotezi nguvu zake ovyo: kwenye nyuzijoto 18, yaani kwenye sakafu ya baridi, nyuzi za F4 hazitengenezwi. Akifika penye nyuzi 37, kwenye joto la mwili, kazi huanza.

Wachaguzi kuliko wote

Watu hudhani bakteria hunata kama gundi, popote panapotokea. Sivyo. Kila aina ya uzi hutafuta sukari yake juu ya seli za utumbo, na isipoiona hupita.

F5, ambayo jina lake la zamani ni K99, ilijulikana kwanza kwa ndama na kondoo kabla ya kuonekana kwa nguruwe. Inataka mafuta ya seli yenye aina moja ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Mwanadamu hakujaliwa sukari hiyo, na hivyo F5 haina pa kumshika. Hata kwa nguruwe mwenyewe vipokezi vya F5 hupungua kadiri anavyokua. Ndiyo maana ugonjwa wake ni wa siku za mwanzo, na anayevuka wiki ya kwanza salama anakuwa ameshapita kwenye mdomo wa mamba.

F6 ilipatikana miaka ya 1970 huko Ames, jimbo la Iowa, na kundi la Harley Moon, baada ya kujiuliza swali rahisi: mbona kuna bakteria wanaoshika utumbo vizuri na K88 hawana? Nayo huwapenda wachanga. Nguruwe anapokomaa, vipokezi vya F6 huachiwa na kuelea ndani ya ute, na bakteria anayevishika huondoka navyo.

F18 ni kinyume kabisa. Mtoto mchanga hana vipokezi vyake. Huanza kuonekana akifika wiki tatu hivi, na wakati huohuo wafugaji wengi wa kisasa huwaachisha watoto ziwa. Siku moja mtoto anapoteza mama, maziwa, banda alilolizoea na ndugu zake, halafu utumbo wake unafungua mlango mpya kwa adui. Sishangai kwamba wiki mbili baada ya kuachishwa ndizo zenye hasara kubwa katika ufugaji wa biashara.

Na F4? Hiyo haichagui umri. Vipokezi vyake vipo tangu kuzaliwa hadi utu uzima, kwa hiyo inasumbua mchanga na aliyeachishwa pia. Kwa upana wa uharibifu, naipa F4 nafasi ya kwanza.

Mgeni anayekuja na kiti chake

Kuna jamaa mwingine, anaitwa EPEC, ambaye hategemei kukuta kipokezi. Anakileta. Ana sindano ya protini ambayo kwayo huchoma seli ya mwenyeji na kuiingizia protini yake iitwayo Tir. Tir hupenya, hujipanga kwenye ngozi ya seli, na bakteria huishika kana kwamba ilikuwapo siku zote. Brett Kenny, Brendan Finlay na wenzao walilieleza hili mwaka 1997, huko Kanada, na wataalamu wengi walipigwa na butwaa. Seli hufyeka vijinywele vyake vya kunyonya chakula na kuinua kijukwaa chini ya bakteria, akae vizuri. Picha za awali za madhara hayo zilitoka kwa nguruwe waliozaliwa karibuni, zikachapishwa mwaka 1969. Ni nadra kuliko F4, lakini kwa ujasiri sijasikia wa kumzidi.

Sumu fupi kuliko zote

Bakteria akishashika, anamwaga. Sumu moja, LT, ni binamu wa karibu wa sumu ya kipindupindu. Nyingine, STa, ni kipande kidogo mno: viungo 18 tu vya protini vilivyoungana. Insulini, ambayo nayo huhesabiwa kuwa ndogo, ina 51. LT huharibika kwa joto la nyuzi 60 kwa dakika 15, lakini STa huvumilia maji yanayochemka.

Ufupi wake haujaipunguzia nguvu. Inaiamuru seli ifungue bomba la chumvi kuelekea ndani ya utumbo, na maji yanaifuata chumvi. Mtoto mwenye hali mbaya anaweza kupoteza asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake kwa maji yanayohamia tumboni. Hebu fikiri: mtoto wa kilo moja na nusu, nusu kilo ya maji imemtoka mwilini. Wengine hufa hata kabla kuhara hakujaonekana nje, maji yote yakiwa yamejaa ndani.

La ajabu ni kwamba ukuta wa utumbo, ukitazamwa kwa hadubini, mara nyingi unaonekana mzima. Seli hazijafa, zimepokea amri tu. Na kwa kuwa ziko hai, bado zinaweza kunyonya sukari na chumvi zikiletwa pamoja, jambo linalofanya maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa yaokoe maisha. Elimu ya sumu hii imezaa hata dawa ya watu: linaclotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wagonjwa wa choo kigumu, imefuata umbo lake.

Herufi moja, na mama asiyeugua

Sasa twende kwa nguruwe wenyewe, maana nao wana rekodi.

Mwaka 1975 Sellwood na wenzake wa Compton walikwangua seli kutoka matumbo ya nguruwe mbalimbali, wakazichanganya na bakteria wenye K88, wakatazama. Seli za nguruwe mmoja zilionekana zimezungukwa na bakteria pembeni kote, kama siafu juu ya mfupa. Za nguruwe mwingine, wa banda lilelile, zilikuwa safi, bakteria wakipita karibu bila hata mmoja kushika. Hadubini ileile na bakteria walewale, ila nguruwe wa aina mbili. Ikafahamika kuwa jambo hili linarithiwa: kupokea bakteria kuna nguvu, kutopokea hujificha, na mnyama huwa salama pale tu anapopata nakala ya kukataa kutoka kwa baba na mama pia. Mahali pa kinasaba hicho ni kromosomu ya 13, na Denmark wametumia kipimo cha jirani yake, MUC4, kuchagua wazazi wa mbegu.

Kwa F18 Waswisi walifika mbali zaidi. Katika kinasaba kiitwacho FUT1, badiliko la herufi moja, G kuwa A mahali pa 307, humzuia nguruwe kutengeneza sukari inayotafutwa na F18. Herufi moja katika maandishi ya vinasaba yenye herufi zaidi ya bilioni mbili, na mlango umefungwa.

Lakini angalia mtego uliomo. Jike asiyepokea F4 hajawahi kushikwa nayo, hivyo mwili wake haukupata sababu ya kutengeneza kingamwili dhidi yake. Akipandwa na dume anayepokea, watoto huweza kurithi mlango wa baba ulio wazi, halafu wakanyonya maziwa ya mama yasiyo na ulinzi. Afya ya mama inageuka hatari kwa wanawe. Anayenunua dume la mbegu kwa kutazama mgongo mrefu na mapaja tu, ajue kuna kitu kingine anachokinunua kisichoonekana kwa macho.

Silaha zilizokatika mpini

Kwa miaka mingi jibu la haraka lilikuwa dawa ndani ya chakula. Denmark, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilionekana kuwa oksidi ya zinki, gramu mbili na nusu za zinki kwa kila kilo ya chakula, hupunguza kuhara baada ya kuachisha. Nchi nyingi za Ulaya zikaitumia, zinki ikajaa kwenye samadi na udongo, na mwezi Juni 2022 Umoja wa Ulaya ukaizuia kama dawa.

Kolistini ina habari ya kuumiza zaidi. Hii ni antibayotiki ambayo hospitali za binadamu huiweka kama akiba ya mwisho, na wakati huohuo ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe. Mwezi Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kinasaba mcr-1, usugu wa kwanza wa kolistini unaoweza kuhama na plasmidi kutoka bakteria hadi bakteria. E. coli waliyemtaja kama mfano alitoka kwa nguruwe wa shamba kubwa la Shanghai. Baada ya muda mfupi kinasaba hicho kilikwisha kuonekana katika nchi nyingi. Kijiduara cha DNA kilichomgawia bakteria mkono wa kushika, ndugu yake sasa anagawa ngao dhidi ya dawa. Anayempa kila mtoto wa nguruwe antibayotiki "ya kuzuia tu" anawalisha hao wenye ngao.

Kinga ya kwanza na kinga ya bei nafuu

Mwaka 1973 Rutter na Jones walionyesha kwamba ukimchanja mama kwa K88 iliyosafishwa, watoto wake hupata ulinzi kupitia maziwa. Hawakuua bakteria, waliziba viganja vyake. Wazo hilo liliingia katika historia mwaka 1982, pale chanjo ya kwanza ya wanyama iliyotengenezwa kwa ufundi wa kuunganisha vinasaba ilipoidhinishwa Ulaya. Haikuwa ya kichaa cha mbwa wala ya midomo na miguu. Ilikuwa ya kuhara kwa watoto wa nguruwe.

Chanjo hizo za mama, zenye F4, F5 na F6, zinafanya kazi kwa sharti moja: dang'a, maziwa ya mwanzo, yafike tumboni kwa wakati. Kondo la nguruwe halipitishi kingamwili. Mtoto huzaliwa mikono mitupu, na utumbo wake huruhusu kingamwili kuingia kwenye damu kwa muda wa saa 24 hadi 36 tu, huku mlango ukizidi kufungwa kila saa inayopita. Anahitaji kiasi cha gramu 250 za dang'a, na mama hutoa kilo tatu na nusu hivi kwa wastani, wawe watoto wanane au kumi na sita. Ukipiga hesabu utaona kwa nini uzao mkubwa huwaacha wadogo na njaa. Baada ya dang'a, maziwa ya kila siku huendelea kuleta kingamwili za aina nyingine, ambazo haziingii kwenye damu. Hukaa palepale utumboni, zikizigandia zile nyuzi kabla hazijagusa ukuta.

Basi, mfugaji mwenzangu, nguruwe wako akikaribia siku ya 114, usilale mbali na banda. Msafishe kiwele kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tandika nyasi kavu, na msogeze kila mtoto kwenye chuchu mwenyewe, ukianza na aliye mdogo. Wakiwa wengi, watenge waliokwisha shiba kwa saa moja au mbili mahali penye joto ili wanyonge wapate zamu. Muulize daktari wa mifugo wa kata yako kuhusu chanjo ya mama wakati mimba ingali changa, na mtoto akianza kuhara mpe maji ya chumvi na sukari kabla hujaenda kutafuta dawa dukani. Saa sita za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote.